Sajini wa Shamba Letu

Jumatatu, 7 Machi 1966

Elija,

Nimekamua, nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi kwa madaftari yako ya kufundishia. Leo nimesoma makaizari wa Roma waliowekwa na askari. Mmoja alikuwa mchungaji, mtu mkubwa kama mlango. Askari walimtawaza. Askari haohao wakamuua kwenye hema lake.

Nikamfikiria Sajini Kiprop. Wiki moja baada ya kukuzika, tulichagua mwenyekiti mpya wa chama chetu cha kununua shamba la mzungu, hapa Yamumbi. Askari wenzake wa vita vya Burma walisimama mlangoni na buti zao. Tukapanga foleni nyuma yake kumchagua. Hata mimi. Niliogopa kusimama peke yangu.

Simwamini.

Alhamisi, 10 Machi

Sajini alikuja kuchukua kadi yako ya uanachama. Ati ya kukagua. Alizungumza akiangalia paa. Nikampa. Mjinga mimi.

Ulikuwa ukilamba penseli kabla ya kuandika. Sijui kwa nini nimekumbuka.

Jumamosi, 12 Machi

Mama Chebet alinivuta kando kwenye kinu cha posho. Wale askari wanataka ploti za waliokufa wagawane wao. Wanasema, "Marehemu atalima na nini?"

Na sheria iko upande wao: kila mwanachama avute kura ya ploti kwa mkono wake mwenyewe. Wewe ndiye uliyeiandika, Elija, kuzuia watu kuwavutia kura ndugu zao walio Nairobi. Hukufikiria kufa. Nimekukasirikia siku nzima.

Jumanne, 15 Machi

Kura. Tulikusanyika kwenye stoo ya ngano. Karatasi za namba za ploti ziko ndani ya kofia, Sajini anasoma majina kwenye kadi.

"Elija Kosgei."

Mmoja wa askari akasema kutoka nyuma, "Huyo yuko likizo ndefu, Sajini." Wakacheka.

Sajini hakucheka. "Kwa kikosi chetu, jina la aliyekufa liliitikiwa na aliyekuwa karibu naye." Akaniangalia. "Elija Kosgei."

Nikasema, "Yupo."

Nikatia mkono. Ploti ya thelathini na moja, chini karibu na mto. Udongo mweusi. Karani wa ofisi ya mashamba akaandika jina langu.

Wale askari walitoka nje bila kuaga.

Jumapili, 20 Machi

Wamemwondoa Sajini kwenye uenyekiti. Foleni zilezile, buti zilezile, safari hii nyuma ya Koplo, mmoja wa wale askari. Nyuma ya Sajini tulikuwa watu sita, wanne wajane. Sasa ndiyo nimeelewa somo lako la makaizari. Hapa angalau hakuna aliyemwaga damu.

Koplo ametuangalia vibaya. Lakini seveya ameshapima na kupiga vigingi vya mipaka, na kura ziko kwa faili za serikali. Hawezi kuzigeuza.

Jumatano, 23 Machi

Nimelima mistari minane. Sajini alipita na ng'ombe wake, akasimama kwenye ua. Nilimwambia ukweli: "Sajini, mimi nilikushuku."

Akajibu, "Hata mimi nilijishuku, Mama. Nililala na hiyo kadi siku tano."

Kisha akauliza kama nina mbegu za kutosha. Nikasema ninazo. Akaenda.

Jioni kumenyesha kidogo. Nimechoka vizuri. Elija, ukiwa huko unaomba, mtaje Sajini. Na mimi unikumbuke.