Maji Meusi ya Mgeni Wako

Maparoni, nyumbani kwa mama yako,
Wilaya ya Kibiti.
Jumapili, 13 Oktoba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Yasmin,

Marahaba, shikamoo yako ilifika wiki jana. Hujambo mama? Baridi ya Ankara imeshaanza kuuma? Vaa soksi mbili, usiwaige wenyeji. Sisi huku wazima, ila presha ya mama yako hupanda na kushuka apendavyo Mungu. Kiangazi kimekaza na visima vimezidi chumvi, hata uji hatuutii chumvi tena.

Nesi wa zahanati amemkataza mama yako chumvi, na kisima chake ni chumvi tupu. Najua ndiyo sababu ukamleta rafiki yako Donati, uliyesoma naye chuo. Nashukuru. Lakini ukinitumia mgeni, nitumie na maelezo yake, maana mimi mgeni namsoma kama nyayo za kiboko: kwanza katoka wapi, halafu njaa yake ni ya nini.

Sifa yangu unaijua. Shule niliiacha darasa la tano, lakini yule tapeli wa mbegu za mpunga aliyewaliza watu wa Mahege, hapa hapa wilayani kwetu, kwangu hakufika hata barazani. Nilimnusa shati nikiwa juu ya mnazi, nikamwambia mbegu zako umezikaanga. Watu sabini walishuhudia. Mama yako husema walikuwa wanne, lakini siku ile mama yako alikuwa na homa.

Basi Donati alishuka na begi la unga mweusi kutoka kwao Mahenge, kule Morogoro, ati ni kinywe, jiwe lile lile la ndani ya penseli. Akasema ni kaboni. Hapo nikasimamisha masikio. Neno kaboni tumelisikia kwa wale wa hewa ukaa, wanaokuja kupima mikoko yetu kwa kamba wakaondoka bila kuaga. Nikajiuliza, huyu naye kaja kupima nini?

Kazi yake nimeitazama siku kumi na moja. Unga anautia kwenye maji ya mvua aliyokuja nayo, akadondoshea sabuni ya vyombo, akasaga kwa blenda ya umeme wa jua mpaka blenda inanuka. Ati jiwe lile ni kurasa juu ya kurasa, kama msahafu uliofungwa, na yeye anazibandua moja moja mpaka ziogelee. Kisha anaacha siku mbili, zito linakaa chini, naye anachukua maji ya juu tu. Maji yale, Yasmin, ni meusi kama usiku wa kaburini na hayatuami. Tope la Rufiji hutuama. Masizi hutuama. Mimi kitu kisichotuama sikiamini.

Nilipomuuliza ni ya nini, akasema atachovya kitambaa, akikaushe, akiweke kielee juu ya maji ya kisima chini ya kioo cha dirisha. Jua litapiga ule weusi, mvuke upande, udondoke kwenye kikombe, chumvi ibaki chini. Nikamjibu kwamba babu yangu alikuwa akikausha bahari nzima kwa kuitazama, na hakuhitaji blenda.

Sasa nakuambia jambo ambalo hukulisikia kwa mama yako, maana hata yeye hakulijua. Jumapili iliyopita Donati alivuka kwenda kusali Kibiti. Nikaingia chumbani kwake. Dumu la maji meusi lilikuwa limejaa. Nikamimina kwenye chupa mbili tupu za soda, nizipeleke wilayani zikapimwe kama ni sumu. Dumu likapungua. Nawe unajua kwetu chombo cha mgeni hakikutwi pungufu, watasema kaibiwa. Nikachota kisimani, nikalijaza mpaka shingoni, nikafunga, nikaziweka chupa zangu darini.

Jumatano ndiyo siku aliyowaita watu waone. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Husseini, alikaa mbele. Donati akamimina kwenye beseni jeupe, na kilichotoka ni maji mepesi na uchafu mweusi wa mabongemabonge. Uso ukamshuka. Alishika yale mabonge kwa vidole, akayasugua. Nami nikasimama, nikasema niliwaambia. Kwa kuwa ni mimi niliyesema, watu wakaamini. Salama, jirani yetu, akamwambia hata mchawi wa kwao angemwonea haya. Husseini akaamua Ijumaa apande boti ya Nyamisati na begi lake, asionekane tena.

Mama yako alichukua ndoo, akaenda kisimani kuteka maji yale yale. Nilimtazama mgongo wake mpaka akarudi.

Alhamisi nikapanda darini kuchukua chupa zangu, niondoke nazo kama ushahidi. Siku nne zilikuwa hazijaguswa. Zilikuwa nyeusi juu, nyeusi chini, hakuna hata punje iliyokaa kitako. Nikakaa nazo pale darini. Nikamimina kidogo kwenye kikombe, nikatia maji ya kisima. Hata sijamaliza kusonya, weusi ukaanza kushikana.

Yasmin, mimi nimekabiliana na mamba wawili kwa kasia moja. Lakini kutoka pale darini hadi kwa Husseini niliona ni mbali, siku ile sikufika.

Ijumaa asubuhi watu walikuwa gatini, Donati keshatia mguu mmoja botini. Nikainua chupa ile ya pili, nzima, waione. Nikasema:

"Maji ya chumvi kwenye dumu lake nilitia mimi. Nilimwibia, nikafunika wizi kwa maji ya kisima. Hii hapa ndiyo kazi yake, haijaoza."

Salama akauliza kama nimekunywa. Husseini akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Donati akashuka, akapokea chupa, akaitikisa juani. Nilingoja anitukane. Akaniambia, "Mjomba, chumvi ndiyo adui yake. Kurasa zikiwa bado majini, chumvi huzifanya zishikane. Zikishakauka kwenye kitambaa, haiziwezi tena."

Mtu kuibiwa na asikasirike, hilo nalo bado nalitilia shaka.

Jana kitambaa kilichochovywa kwenye chupa zile kilikauka, kikawekwa juu ya maji ya kisima, kikafunikwa kwa kioo. Kufika alasiri kikombe kilikuwa nusu. Nikasema hanywi dada yangu kabla yangu. Nikaonja, nikatema, nikaonja tena. Hayana ladha ya kitu chochote. Nikampa mama yako, Tatu. Alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, akasema, "Mwambie Yasmin mgeni wake akae mpaka mvua." Kikombe nusu kwa siku ni kidogo, nami nimemwambia Donati avipange vioo kumi. Kioo cha dirisha langu nimeshakitoa.

Nisalimie wenzako wa Kitanzania wote. Salama anakusalimu, na Husseini, na mke wangu Honorata, ambaye anacheka tangu Ijumaa. Mola akuzidishie akili na akulinde na marafiki wapole kupita kiasi.

Barua hii itapigwa picha kwa simu ya Donati, maana ndiyo yenye mtandao. Najua ataisoma. Na aisome.

Ni mimi nikupendaye bila shaka yoyote,
Mjomba wako Gharibu.