Afande Mezani Siku ya Krismasi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la mbao sasa kinakuacha ulale. Sisi huku kiafya hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linamruhusu kutembea. Mimi bado niko pale pale kwenye duka la mikate, naingia kazini kabla ya jogoo na kutoka nimejaa unga kama mzuka. Afande naye amepona. Anakula, na jana amembwekea mtu kwa mara ya kwanza tangu augue.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu huwa unaikata ukikasirika, kaka. Barua hata ukiitupa, itabidi uiokote mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho, hata kama katikati utatamani kunizaba kofi.

Habari za Krismasi ulizipata kwa mama akiwa analia, na wewe uko kazini misumeno inanguruma. Ngoja nikupe mambo yalivyokuwa tangu mwanzo.

Mwaka huu mama aliamua Afande asherehekee pamoja nasi. Alisema mbwa aliyemlinda tangu baba afariki hawezi kula chakula cha sikukuu vumbini nyuma ya nyumba. Akamwogesha kwa sabuni yake mwenyewe, akamfunga utepe mwekundu shingoni na kengele ndogo aliyoitoa kwenye mti wa Krismasi. Kila alipopita, nyumba nzima ilisikia ting, ting. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mkeo hakucheka.

Unamjua mwenyewe wifi na mbwa, tangu yule aliyemng'ata akiwa mtoto. Alikuja jikoni akamwomba mama, kwa adabu zote, kwamba Afande afungwe uani mpaka watu wamalize kula, kisha aingie. Mama akajibu kwamba Afande ni wa nyumba hii. Hakuongeza neno, lakini tuliokuwa jikoni tulilisikia lile alilolibakiza. Wifi damu ikamchemka. Akasema basi mama achague, ama mbwa ama yeye, akatoka akaubamiza mlango. Hilo ni kweli kaka, alilisema, nami silifuti. Mama na mimi tukaenda kanisani, yeye akabaki kuangalia nyama isiungue.

Tuliporudi, meza ikaandaliwa. Afande akawekewa sahani yake chini, karibu na kiti cha mama. Hakuigusa. Mama akasema labda anaona haya. Katikati ya sala ya chakula nikasikia ile kengele inatikisika mfululizo, haikomi, nikafumbua macho. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akatapika kwenye zulia, akatapika tena, kisha miguu ya nyuma ikamwishia nguvu akalala chini.

Mama alipiga magoti kando yake na lile goti lake bovu. Hapo hapo akakumbuka kwamba siku tatu kabla, wifi alinunua sumu ya panya. Akaenda stoo, akarudi na pakiti mkononi, na ilikuwa imefunguliwa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimuuliza wifi mbwa amemkosea nini. Wifi akasema hakumpa kitu chochote. Mama akauliza mara ya pili, wifi akajibu vile vile.

Ndipo mama akakupigia, akaweka spika. Tulikusikia sote. Ulimwambia mkeo kwamba mtu anayeweza kumwekea sumu mnyama asiyejua kusema, mume hatamshinda, na kwamba aende kwao mpaka umwite. Leo ni wiki ya tatu, hujamwita.

Alifungasha nguo zake hata vyombo havijaoshwa. Alipopita sebuleni na begi alisimama mbele yangu, akanitazama muda mrefu, kama mtu aliyeuliza swali na sasa anangoja. Mimi nilikuwa nimeinama nasugua zulia. Sikuinua kichwa.

Afande nilimpeleka mimi kwa daktari wa mifugo, kwa gari la jirani. Daktari mwenyewe ni mzee mfupi asiyependa porojo. Aliniuliza mbwa amekula nini. Nikamjibu kwamba nyumbani kuna sumu ya panya. Angalia nilivyojibu, kaka. Niliulizwa alichokula, nikataja kilichopo stoo. Akamdunga sindano kwa ajili ya sumu hiyo, lakini alikuwa anamkagua fizi na kutikisa kichwa, kwa maana sumu ya panya humvujisha mbwa damu, naye hakuona dalili yake popote. Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi na mbwa hakojoi. Daktari akafunga mlango, akaniambia yeye hutibu anachoambiwa, na kama ameambiwa uongo, mbwa huyu hamalizi wiki. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikafungua mdomo.

Kaka, ni mimi.

Unazijua zile keki ndogo ninazooka kila Krismasi, kila mtu na yake yenye herufi ya jina lake juu. Mama hakubali yako ikosekane hata usipokuja, na yako mimi huijaza zabibu kavu mara mbili kwa sababu ya ulafi wako. Asubuhi ile nilikuwa na hasira nawe, mwaka wa pili mfululizo unasema kazi haikuruhusu. Kabla ya kwenda kanisani niliichukua keki yako nikatoka nayo uani, nikamlisha Afande yote mpaka chembe ya mwisho, nikimtania kwamba leo yeye ndiye kaka. Nilidhani namfurahisha. Miaka tisa naoka, na sikujua kwamba zabibu huua figo za mbwa. Daktari ndiye aliyenieleza. Alibadilisha dawa saa ile ile, akamtundikia dripu siku nne, na Mungu akasaidia.

Usinionee huruma kwa kutojua. Nilipokuwa nasugua lile zulia niliziona zabibu, nzima nzima, na mkeo amesimama mbele yangu na begi. Nilijua mbwa ametapika kitu nilichompa mimi. Na ile sumu, mimi ndiye niliyemtuma wifi akaninunulie, panya walikuwa wananitobolea mifuko ya unga. Pakiti niliifungua kwa mikono yangu. Nilimwogopa mama, nikaogopa kuaibika, nikamwacha mwenzangu abebe.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilimkuta barazani anamenya viazi. Nilianza kueleza, akanikatiza. Alikuwa anajua. Asubuhi ile alikuwa kwenye dirisha la jikoni na aliniona nikimlisha Afande ile keki. Nikamuuliza, machozi yananitoka, kwa nini hakusema. Akaniuliza nani angemwamini, yeye aliyetaka mbwa atolewe, dhidi ya binti wa nyumba. Alisema alikuwa anangoja mambo mawili tu, mimi niseme, au wewe umuulize. Na wewe hukumuuliza, kaka. Ulimhukumu kwenye spika.

Mama nimemwambia jana. Sikutukanwa. Alimsogeza Afande miguuni pake, akaingia chumbani, na chakula cha jioni hakula. Leo asubuhi amesema atakwenda mwenyewe kuomba radhi, goti litake lisitake, ila anataka wa kwanza kufika kule uwe wewe. Usipige simu, hapokei. Omba ruhusa, panda gari, upitie kwao kabla hujakanyaga hapa. Mimi ukinichukia utakuwa na haki yako, lakini nenda kwanza.

Mama anakusalimu sana. Jirani mwenye gari anakusalimu, na fundi cherehani wa kona bado anakuulizia. Mkeo nilimwomba anipe salamu za kukuletea wakati naaga. Aliendelea kumenya. Nilipofika getini nikamsikia ananiita, nikarudi mbio. Alikuwa ananikabidhi mwavuli wangu. Nilikuwa nimeusahau.

Ni mimi, mdogo wako.