Chupa ya Baba Kwenye Kona

Kaka,

Sisi wazima, na baiskeli yako ni nzima kuliko sisi. Nimeshusha kiti kidogo na kubadilisha mnyororo. Kila Jumamosi naipandisha kile kilima cha mawe ya chokaa, kisha nateremka nayo bondeni hadi mtoni, vumbi jeupe limenijaa mpaka kwenye kope.

Uliniomba nimweleze baba taratibu kwamba umeoa huko na hutarudi tena. Nilimweleza. Akalia, kesho yake akasahau. Siku hizi anachokumbuka ni mashindano yako ya baiskeli tu. Jumamosi husimama kwenye kona ya juu, palepale alipokuwa akikupokea, chupa ya maji mkononi. Nikifika nahema, ulimi nje, anaificha mgongoni.

"Hii ya kaka yako. Yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu, baba. Anapanda. Msubiri."

Basi anakusubiri juani mpaka mama amfuate. Leo mama anaumwa mguu, na mvua imeanza. Ananiuliza kwa nini siendi kumchukua baba kule konani. Nimemwambia namalizia barua yako kwanza.

Ni mimi mdogo wako, ninayefika kabla yako kila Jumamosi.