Bizimu Linalia Mapema

Jumapili, 2 Februari
Tak. Mlio wa bizimu likifunga. Siku nzima umo masikioni, hata kwenye foleni ya magari, hata nilipokuwa naoga. Leo askari wameujaribu mkanda wetu wa kuzuia damu ya jeraha. Kila mmoja kajifunga mwenyewe; mimi mwanamke, siwezi kuwashika mikono. Nilisimama pembeni, nikaandika. Walivuta kwa nguvu zao zote, wakishindana. Tabibu wao akawapima: mapigo ya damu yalikatika kwa wote. Serikali ikitupa ruzuku ya utafiti ya awamu ya pili, karakana yetu ya Wadi Kabir itaishi. Isipotupa, tunafunga.

Jumanne, 4 Februari
Nimeota mikono ikielea juu ya vilima, myepesi kama ukungu. Hakuna uliokuwa wa mtu. Nimeamka na furaha nisiyoiamini.

Ijumaa, 7 Februari
Ghubra, kwa Bibi. Baada ya chakula kauchukua mkanda, kajifunga kwa mzaha, bila haraka. Tak. "Haya, nshapona. Nipeni cheo changu." Tulicheka. Nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yapo. Yanatembea chini ya kidole changu, taratibu, kama mtu anayepita chumba cha pili.

Bizimu linalia kabla mkanda haujakaza. Wale askari walikuwa wazima, tena wakijionyesha mbele ya mwanamke. Aliyejeruhiwa hatavuta vile. Atasikia mlio, ataamini, ataacha.

Khalfan, mtoto wa ami na mshirika wangu, kacheka. "Askari gani huyo mwenye mkono kama wa Bibi?"
"Anayevuja damu."
Kajimiminia kahawa. Kisha: "Tupokee ruzuku kwanza, bi mkubwa. Utatengeneza baadaye."
Namchukia. Nami niliwaza hilo hilo.

Jumamosi, 8 Februari
Sikufanya kitu. Bahari nyeupe, mbingu nyeupe. Sikuona mpaka.

Jumapili, 9 Februari
Manyunyu. Wiki ya kazi imeanza. Nimefika wizarani, Al Khuwair, kabla ofisi hazijajaa. Nimemweleza afisa wa ruzuku yote: bizimu, mapigo, na kwamba majaribio yetu hayafai. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimeliondoa ombi letu. Mwisho wa mwezi tutarudisha funguo za karakana.

Khalfan nimempigia baadaye, si kabla. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kama nimekula.