Shamba Lililokaushwa kwa Makusudi

Uvira, mtaa wa Songo
Tarehe 18 Mei 2003

Mpendwa Délice, mtoto wa kaka yangu,

Habari za huko Luxembourg? Baridi imepungua, au bado mnatembea mmefungwa kama vifurushi? Na kile kikohozi kimeisha? Ninaanza na hayo kwa sababu mama yako ameniagiza nisiandike neno jingine kabla ya kikohozi. Sisi hapa tu wazima. Tumbo la mama yako limetulia, magoti yangu yanalalamikia mlima wa Songo kama kawaida yao, na baba yako yuko hai. Hilo la baba yako kuwa hai nitalirudia, maana kuna watu walilitilia shaka.

Barua yako ilipitia Bujumbura mkononi mwa Padri Libérat, ikafika imekunjamana lakini nzima. Niliisoma, nikakasirika, nikaisoma tena. Unasema unataka kuacha masomo. Unaona aibu kukaa katika nchi ndogo iliyojaa majumba na barabara, ukiweka visanduku juu ya udongo wa mashamba ya viazi na ngano ya watu ili upime hewa inayotoka humo na kuipasha dunia joto, wakati sisi tunakimbia risasi. Unauliza kazi hiyo inamsaidia nani nyumbani. Sasa kaa chini, shangazi yako akujibu.

Unajua tulivyotoka kijijini Lubarika mwaka jana, vita vilipofika kule uwandani kwenye mashamba yetu. Baba yako aliacha mpunga ukiwa umeanza kuchanua. Tangu hapo akawa mtu wa kiti. Yeye aliyezoea kuamka na jembe begani alikaa mlangoni kwangu akiliangalia ziwa kana kwamba limemkosea. Mama yako alipomwambia kumetulia kidogo, warudi walime, alijibu kwamba hatapanda tena kitu cha kuja kukiacha. Ilituuma. Kaka yangu bila shamba ni mgonjwa, na dawa yake haiuzwi sokoni.

Kilichomwinua ni barua yako ya Noeli. Unakumbuka ulichoandika? Kwamba mashamba ya huko hutoa hewa mbaya kwa sababu ya mbolea nyingi, na yetu ya mpunga huitoa kwa sababu ya maji yanayolala msimu mzima. Matope yanaoza chini, na yale mapovu tuliyokuwa tukiyakanyaga na kucheka utotoni ndiyo hewa yenyewe. Ukasema mkulima akitoa maji siku kadhaa, udongo ukapumua, kisha akayarudisha, hewa hiyo inapungua na mpunga haufi.

Niliisoma kwa sauti, na sikufichi, nilicheka. Nikasema tuna njaa, tuna vita, na mtoto wetu anatuletea habari za matope yanayojamba. Baba yako hakucheka.

"Soma tena pale," akasema. Nikasoma. "Délice anasema mupunga inaweza kukaa bila maji na isikufe?"

Nikamwambia ndivyo ulivyoandika.

"Basi hata tukikimbia, itatungojea."

Ndivyo ilivyokuwa, Délice. Habari za hewa na joto la dunia hazikumgusa hata kidogo. Alisikia tu kwamba kuna mpunga unaoweza kumngoja mtu. Wiki ile ile akapanda kamio, lori la mizigo, kurudi Lubarika, akalima upya.

Sasa wewe ni mtoto wa kule, unajua desturi. Maji yakishaingia kwenye mpunga hayatoki mpaka masuke yageuke rangi. Shamba likipasuka nyufa katikati ya msimu, watu hawaulizi kitu: mwenyewe amekufa, au amekimbia asirudi. Miaka hii mashamba ya namna hiyo tumeyaona mengi. Na baba yako, kwa ule mdomo wake uliofungwa, alitoa maji yote, akaziba mlango wa mfereji, akaja Songo kutusalimia bila kumwambia mtu.

Jirani yake Marcellin akaziona nyufa. Habari ikatembea. Tukiwa mezani tukasikia kilio barabarani, na Kankindi, yule mjane mwenye shamba mwisho wa mfereji, akaingia ameshika kichwa. Nyuma yake Marcellin na watu wa parokia, wamebeba mkungu wa ndizi na jerikani ya kasikisi, pombe yetu ya ndizi, vitu vya msiba. Wakamkuta marehemu anakula ugali na ndagala za ziwani.

"Nyandwi, minye nilijua weye ulishakufa," Marcellin akasema. "Shamba yako iko kavu. Maji iko wapi?"

"Maji nilitoa minye mwenyewe. Délice ndiye alisema."

"Délice iko Ulaya, atajua mupunga ya Lubarika?"

"Anajua. Kaa, ukule."

Ile pombe ya matanga ilinyweka vilevile, na mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe maji aliyoyaachia baba yako yalikuwa yameshuka hadi kwa Kankindi, ambako hayajafika vizuri tangu mfereji ulipobomolewa na vita. Kankindi aliporudi na kuona shamba lake limelowa, alituma salamu kwamba Nyandwi akipenda afe tena mwezi ujao.

Halafu, wiki baada ya Pasaka, risasi zikalia tena. Watu wakakimbia, baba yako naye, shamba lake likiwa kwenye zamu ya kukauka, na hakubaki mtu wa kufungua maji. Nilipomwona anaingia na kukivuta kile kiti, nilikumbuka mwaka jana. Nilijua amekwisha. Lakini safari hii hakuliangalia ziwa. Aliomba nimsomee tena barua yako, pale pale.

Kulipotulia akaenda. Mama yako hakula mpaka dereva wa kamio alipotuletea ujumbe wake. Ulikuwa neno moja tu juu ya mpunga: umengoja.

Leo masuke yameinama. Marcellin naye anakausha kwa zamu, na maji yanamfikia kila mtu wa mfereji ule. Vita havijaisha, sitakudanganya, na huenda tukakimbia tena. Lakini kaka yangu analima, na ninalala vizuri. Basi usiniulize tena kazi yako inamsaidia nani.

Mama yako anakusalimu na kukuagiza ufunge shingo. Ndugu yako Havyarimana anakusalimu, Kankindi pia, na Marcellin anaomba radhi kwa kukudharau. Mungu aliyetulinda sisi huku akulinde na wewe katika baridi hiyo, akupe nguvu ya kumaliza ulichoanza.

Neno la mwisho ni la baba yako, na ameniomba nisilipambe. Pembeni mwa shamba ameacha kipande ambacho hajakitoa maji kamwe, cha kizamani, kimejaa mapovu. Watu wanamuuliza kwa nini. Anawajibu, "Hiyo ni ya Délice. Siku akimaliza masomo atakuja na kasanduku yake, apime yote mbili."

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata ninapokukaripia,

Marie-Rose