Kompyuta Yangu Inawaka Taa Tu

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, nakuandikia nikiwa nimekwama na naomba unishike mkono, maana wa kumwambia sina. Mimi ni mchoraji wa nyumba, yaani mtu akitaka kujenga namchorea picha aione nyumba yake kabla hata msingi haujachimbwa, na kazi hiyo inataka kompyuta ya mezani yenye nguvu, siyo hii laptopu yangu ambayo picha moja inachukua saa tatu halafu inapata moto na kujizima, basi miaka mitatu iliyopita nikaapa nitajiundia mashine ya maana, kifaa kimoja kimoja, kadiri ninavyopata.

Kosa langu la kwanza, nilianza na kasha, yaani boksi la nje la kompyuta. Lilikuwa la kioo, lina feni nne na taa za bluu, nikalipenda nikalibeba. Ikafuata pawa saplai ya kugawa umeme ndani, kisha ile bodi kubwa ambayo vifaa vyote huchomekwa juu yake. Kadi ya picha, ambayo ndiyo inayochora na ndiyo ghali kuliko vyote, ilinishinda, na hapo ndipo mama yangu alipoingia. Mama ni fundi cherehani, huu ni mwaka wake wa thelathini na moja. Alikuwa na cherehani ya umeme aliyoipenda sana, akaiuza bila kuniuliza, akaniletea pesa kwenye mfuko wa vitambaa akasema, "Kanunue hicho kidude chako, mimi ile ya kukanyaga bado ninayo." Nikanunua kadi, nikalia, nikamwahidi kwamba hatajuta.

Shangazi, kadi hiyo hadi leo iko kwenye boksi lake. Nilibakiza prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, na memori tu, lakini nikasoma mitandaoni kwamba bodi yangu imeshapitwa na mwakani inatoka mpya, nikasema ngoja nisubiri, ikatoka, nikasikia ya mwaka unaofuata ndiyo yenyewe, nikasubiri tena. Sasa memori za aina mpya zimepanda bei hazishikiki, wanasema kampuni kubwa za akili bandia zinazikomba zote, na mwenzangu tuliyesoma naye ananiambia kompyuta zenye nguvu kwa watu kama sisi ndiyo basi tena, zitabaki za matajiri, na wengine tutakodi za mbali kwa intaneti, tulipe kwa mwezi, kwa hiyo niuze kadi ingali na bei.

Na kuna baya zaidi. Mama alipokuja kunitembelea niliona aibu, nikabonyeza kitufe cha kasha, maana hata bila prosesa feni zinazunguka na taa zinawaka, nikaunganisha skrini na laptopu niliyoificha chini ya meza, nikamwonyesha picha ya nyumba. Mama akaweka kiganja juu ya kasha, akakiacha hapo kitambo, akasema, "Imetulia. Wala haipati moto." Akamaliza chai yake akaondoka. Zamani kila Jumapili alikuwa ananiuliza mashine inaendeleaje, siku hizi haulizi, nadhani ameridhika.

Sasa mkandarasi mmoja amenipa zahanati nzima niichore ndani na nje, picha ishirini, kwa wiki tatu, na amesema nikichelewa anampa mwingine na nisimpigie simu tena. Kazi hii nimeazimia kuifanya, liwe liwalo. Je, niuze kadi nikodi, au nisubiri bei ishuke?

Ni mimi, Mwenye Taa za Bluu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Taa za Bluu, pole, na ukae chini kwanza maana nitakusema. Umenunua mlango, madirisha na mapazia, halafu ukagoma kujenga ukuta kwa sababu mwakani kutakuwa na tofali zuri zaidi. Na wewe ndiye mchoraji wa nyumba.

Bei itashuka lini sijui, na huyo mwenzako naye hajui, anabahatisha. Ninachokijua ni kwamba mashine ya kifahari ya leo, baada ya miaka minne mitano, unaikuta inasukumwa kwenye toroli kutoka ofisini ili wenye haraka waingize nyingine. Sisi wa mfuko mwembamba duka letu liko mwisho wa lile toroli, na halitafungwa. Fundi wetu wa kompyuta hapa gazetini nimemsomea barua yako, akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Anasema bodi ya umri huo bado inafaa kabisa, na prosesa na memori za mtumba zinazoiingia bado zinapatikana bila kuuza figo.

Basi andika namba ya hiyo bodi kwenye karatasi, kesho asubuhi uende kwa wauza mitumba, na usitoe hata senti kabla hawajavichomeka ukaona vinawaka. Memori ikiwa ndogo, ichore zahanati chumba kwa chumba. Kukodi ni kwa asiye na kitu, wewe unacho. Kadi haiuzwi. Na hizo kurasa za vifaa vipya uache kuzisoma hadi picha ya ishirini ikabidhiwe.

Sasa tuje kwa mama. Ati ameridhika. Mwanangu, mtu aliyeishi na mashine miaka thelathini na mmoja anajua kwamba mashine inayofanya kazi hupata moto. Kile kiganja hakikuwa kinasifia, kilikuwa kinapima. Mama yako anajua tangu siku ile, na amenyamaza ili useme mwenyewe. Na wakati wote huo hajasubiri cherehani ya mwakani, anakanyaga ile ya zamani na nguo za watu zinatoka.

Jumapili hii nenda kwake umwambie yote, na laptopu ya chini ya meza usiiruke. Usibebe zawadi ya kujikinga nayo. Atakasirika, mwache akasirike, kisha urudi kazini. Ukifika picha ya kumi, mashine ikiwa katikati ya kuchora, mwite aje, umpe kiti karibu na kasha, unyamaze. Atanyoosha mkono mwenyewe. Safari hii akute pana moto.