Kikopo cha Mama Sulia

Jumatatu, 5 Agosti
Kabati la kufyonzea hewa yenye vijidudu hapa maabara limezimika — feni imekufa kabisa. Fundi atatoka New Zealand, labda mwezi ujao. Sheria iko wazi: bila kabati, hakuna kufungua kikopo cha makohozi ya kupima kifua kikuu. Vyote vivuke kwa meli hadi maabara kuu, kisiwani Upolu, na majibu yaje yatakapokuja.

Nimebandika tangazo. Lagi, mwenzangu wa maabara, amelisoma huku kashika tumbo lake la mimba, akacheka. Kasema hospitali inamwogopea mtoto wake kuliko yeye mwenyewe. Mimi namwogopea. Kamsubiri miaka mingi mno!

Jumatano, 7 Agosti
Vikopo vimeondoka. Daktari kanung'unika: wagonjwa wanarudi vijijini bila jibu, wanakohoa makanisani. Nikamwambia maabara ina watu wawili tu. Lagi au mimi tukiugua, nani atapima? Nimelala vizuri.

Jumapili, 11 Agosti
Baada ya ibada nimekula kwa Lagi. Magimbi, palusami ya majani yaliyopikwa kwa tui la nazi, samaki. Mama mkwe wake, Mama Sulia, hakugusa kitu. Anakohoa, amekonda, shingo imebaki mishipa. Kikopo chake nacho kiko Upolu, kwenye foleni.

Wanalala fale moja, nyumba isiyo na kuta, chandarua kwa chandarua. Lagi ndiye anayemsugua mgongo usiku. Nimemsihi ahamie kwa dada yake kwa muda.

"Dada, nikihama bila sababu nitakuwa nimemkimbia mama. Nipe sababu, nitahama."

Sababu, kama ipo, imo kwenye kikopo kule Upolu.

Mchana sheria inamlinda. Usiku je?

Wakati wa kuaga Mama Sulia kanifungia samaki. Eti nimekonda. Yeye!

Jumatatu, 12 Agosti
Nimeomba kikopo kingine cha Mama Sulia. Nimemweleza daktari ninachotaka kufanya. Kasema hajanisikia, akaenda zake wodini.

Meza nimeitoa nje, uani. Barakoa nzito, glavu, upepo nimeupa mgongo ili upeleke kila kitu baharini. Kifuniko nimekifungua polepole. Lagi nimemkataza kukaribia. Kanuna, katii.

Sasa niko ndani. Slaidi imekauka, imepakwa rangi, iko chini ya hadubini. Nimeona kijiti kimoja chekundu, umbo la kijidudu cha kifua kikuu. Kimoja tu — huenda ni uchafu wa rangi. Nimeinua kichwa kuandika haya nivute pumzi.

Lagi yuko nje ya dirisha, kiganja kwenye kioo, ananisoma uso. Najitahidi uso huo usiseme kitu.

Nasogeza slaidi. Hapa kuna —

Anagonga kioo. "Dada, nifungashe nguo au nisifungashe?"